Usiku Wetu Ulianza Saa Nane Mchana

Nyinyi vijana wa siku hizi nimewaona hapa Machakos mjini mkiweka simu juu ya kijiti, mnawasha ile taa ya duara, mnasema "tuko laivu", na papo hapo mmekuwa kituo cha televisheni. Sina ubaya na hilo. Lakini juzi wasichana wawili wa chuo walinijia nyumbani kuniuliza kazi ya kuhoji watu usiku ilikuwaje kabla yao, na kila nikifungua mdomo mmoja wao anaangalia simu. Nikaamua kuandika. Karatasi haina mlio wa ujumbe.

Mimi ni Mbithe. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa msimamizi wa studio katika kipindi cha mazungumzo kilichoitwa Kabla Hujalala, kwenye kituo kidogo cha hapa kwetu ambacho wazazi wenu walikitazama na kujifanya hawakitazami. Kilionyeshwa kila Alhamisi, saa nne na nusu usiku. Mtangazaji alikuwa Maingi, mwalimu wa zamani mwenye makoti ya kung'aa na sauti ya kufika dawati la mwisho. Kazi yangu ilikuwa kumpokea mgeni, kumlisha, kumfunga maiki, kumkalisha kitini na kumtoa kitini. Maingi alipata jina, mimi nikapata maumivu ya mgongo.

Na sasa jambo ambalo hatukuwahi kulisema wazi enzi zile. Kipindi hicho cha usiku tulikirekodi saa nane mchana.

Msicheke kwanza. Wageni wetu walikuwa watu wa Masinga, wa Yatta, wa Kathiani, watu wenye ng'ombe wa kukamua jioni. Ungewatoa studio usiku wa manane ungewapeleka wapi? Halafu kulikuwa na shida ya Maingi mwenyewe. Huyu bwana aliyewatakia watu usiku mwema kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuona saa tatu usiku kwa macho yake. Alikuwa akilala na kuku. Mkewe aliniambia kwamba hata kipindi chake mwenyewe Maingi alikiona mara moja tu, siku jino lilipomnyima usingizi.

Kwa hiyo tulitengeneza usiku wetu. Studio ilikuwa ghala la zamani la mahindi lenye paa la mabati, na mimi nilipigilia mablanketi mazito kwenye madirisha yote manne ili jua lisiingie. Mwezi wa pili, jamani, mle ndani mtu angeweza kuoka mkate. Maingi amevaa koti, mgeni nimemvalisha sweta ili aonekane anasikia baridi ya usiku, na mimi niko nyuma ya kamera na kitambaa, nangoja nafasi ya kuruka niwapanguse jasho. Watazamaji walituandikia kusema kwamba wageni wetu huonekana watu wanyenyekevu sana. Walikuwa wanakaribia kuzirai.

Kioko, mpiga picha wetu, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amepiga picha za harusi miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na alikuwa mzee mkali asiyesifu mtu. Siku yangu ya kwanza nilimlisha mgeni muthokoi sahani nzima, kwa sababu nyumbani kwetu mgeni haulizwi kitu chochote kabla hajala. Mgeni huyo alikuwa chifu mmoja mnene. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, unakaa tumboni kama mzigo. Swali la tatu likamkuta chifu amelala. Maingi hakujua la kufanya, akaendelea kuuliza na kutikisa kichwa, na chifu anakoroma taratibu. Kioko akageuza kamera pole pole hadi kwenye mikono ya chifu iliyokuwa imekunjwa vizuri juu ya tumbo. Kesho yake watu walisema chifu yule ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Mgeni mpe uji," Kioko aliniambia. "Muthokoi ngoja amalize kuongea. Na umpe kikombe ashike. Mtu ako na kitu mkononi haogopi."

Hilo la kikombe lichukueni, ni la bure. Kikombe kiwe nusu. Kikijaa atamwaga, kikiwa kitupu atakitazama ndani kama anatafuta majibu. Na maiki msimfunge mama kwenye leso, kwa sababu leso huzungumza kuliko yeye. Mfunge kwenye ukosi wa blauzi, na umwombe ruhusa kwanza.

Kitu kilichotusumbua zaidi kilikuwa mchana wenyewe, maana mchana una kelele zake. Jogoo wa jirani alikuwa na tabia ya kuwika saa tisa kamili. Shule ya upande wa pili ilipiga kengele. Kioko akaenda kwao Masinga akarekodi sauti ya nyenje, na kila Alhamisi tuliiweka chini chini ili kufunika. Jogoo akiwika juu ya nyenje, Maingi alisema, "Naona jogoo wa jirani amechanganyikiwa." Alisema hivyo mara nyingi mpaka jirani akaja kulalamika kwamba tunamharibia kuku jina.

Na wageni nao walikuwa na midomo. Mtu angesema, "Asubuhi hii nilipotoka kwangu," ama, "Wacha nimalize haraka nikanyweshe mbuzi maji." Hapo ndipo nilipoingia mimi. Niliinua mkono, Kioko akasimamisha kamera, nikamwendea mgeni na kumwambia kwa upole, "Sema usiku huu." Nilikuwa hodari wa hiyo kazi. Hakuna mtu hapa Machakos aliyegeuza mchana kuwa usiku kuliko mimi, na nilikuwa najivunia.

Basi sikilizeni yaliyonipata.

Alhamisi moja alikuja Mzee Nzioka kutoka Ekalakala. Mkulima, mrefu, magoti yamechoka, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyetuomba aje, hatukumtafuta. Nilipompa uji hakuunywa.

"Niko na maneno ya msichana yangu," aliniambia. "Anakaa Syokimau. Simu yangu hashiki. Lakini nimesikia anaangalia hii kipindi yenu."

Msichana huyo aliitwa Syombua. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo Mzee Nzioka alimwita "mwaitu", yaani mama yangu, tangu siku ya kuzaliwa. Sasa fikirieni mtu aliyekosana na mwenye jina la mama yake. Miaka sita walikuwa hawajaonana, na sababu ilikuwa mbuzi wa ntheo. Wale mbuzi huletwa na upande wa mume kwa wazazi wa msichana, na bila wao mzee kama Nzioka haoni kwamba kuna ndoa. Vijana walitaka harusi ya kanisa kwanza, mbuzi baadaye. Mzee akakataa kwenda. Walikuwa wamemwekea kiti cha mbele kanisani, chenye kitambaa cheupe, na hicho kiti kilikaa kitupu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka picha za mwisho.

Tulipoanza kurekodi, Maingi aliuliza swali moja tu. Mzee akasema yote, ya mbuzi na ya kiti. Kioko alikuwa ameshusha kamera kwenye mikono ya mzee, jinsi alivyokuwa anaikamua ile kofia. Halafu Mzee Nzioka akaangalia kamera moja kwa moja, jambo ambalo huwa nawakataza wageni, akasema:

"Mwaitu, ile kiti ya kanisa niliiacha tupu. Hii nimekalia. Niko hapa studio ya Machakos. Kuja. Sitoki kwa hii kiti mpaka ufike."

Nikainua mkono. Ndiyo, mimi. Kila mtu mle ndani alikuwa amesahau kazi, na mimi hodari wa kazi nikainua mkono, kwa sababu hakuwa ametaja usiku. Nikamwendea, nikamwambia, "Mzee, rudia hiyo ya mwisho, useme uko hapa usiku huu."

Akaniangalia, hakuelewa, lakini ni mtu wa heshima. Akarudia. "Niko hapa usiku huu. Sitoki mpaka ufike."

Saa kumi na moja nilimpa muthokoi, nikamtafutia gari, nikampungia mkono. Mzee aliuliza, "Sasa yeye ataniona saa ngapi?" Nikamwambia, "Usijali, ataona tu." Nikafunga studio, nikaenda nyumbani kupika.

Kawaida sikukitazama kipindi. Ukishaona mahindi yakisagwa hutamani kutazama uji. Lakini usiku huo mume wangu alikuwa amewasha, na mimi nilikuwa nimeshavaa gauni la kulalia, napaka mafuta miguu. Mzee Nzioka akatokea, nyenje wanalia nyuma yake, akasema maneno yake. "Niko hapa usiku huu. Sitoki mpaka ufike."

Mume wangu akageuka. "Na akifika?"

Mafuta yaliniganda mkononi. Syokimau mpaka hapa kwa gari, usiku barabara ikiwa wazi, hata saa moja haifiki. Nilijitupia leso juu ya gauni, nikachukua chupa ya chai na kutoka. Njiani nilipiga simu ya mzee, haipatikani. Nikapiga ya Maingi, imezimwa, bwana usiku mwema amelala. Nilikuwa nimeogopa kweli, siwafichi. Miaka yote ile nilikuwa nikidanganya watu wote kwa pamoja na sikuona dhambi. Sasa uongo wangu ulikuwa barabarani, unakuja na gari.

Nilipofika nilimwamsha askari wa lango, nikafungua studio, nikawasha taa zote kama za kipindi. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka papendeze. Kiti cha mgeni kilikuwa palepale katikati, na kikombe cha uji wa mzee bado kilikuwa chini yake.

Karibu saa sita gari likaingia. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, slipa miguuni, koti la ofisini juu ya nguo za kulala. Tulitazamana, mimi na leso yangu, yeye na koti lake. Alikuwa mrefu kama babake.

"Baba yangu ako wapi?"

Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikasema, "Ametoka kidogo. Ameenda choo."

Msinitazame hivyo. Nyinyi mngesema nini?

Nikamkalisha kwenye kiti cha Maingi, nikamwekea chai ya chupa niliyokuja nayo. Nikampa kikombe nusu. Akanywa, anatazama kile kiti cha pili. Nikamuuliza habari za barabara. Nikamuuliza habari za Syokimau. Nikamuuliza habari za treni ya kwao, na huku nimemwona akija na gari. Dakika zikaenda. Nikamwongezea chai.

"Aunty, hiyo choo iko wapi? Ako na shida ya magoti. Nimsaidie."

"Hapana, kaa tu. Wazee huchukua muda."

Akainuka, akatembea tembea. Akafika dirishani, akashika lile blanketi.

"Hizi blanketi ni za nini?"

"Ni za kuzuia jua," nikasema.

"Jua?" Akanigeukia. "Usiku?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi sistahili kukaa. Saa nane mchana, nyenje wa Masinga, sweta, mkono wangu niliouinua, gari la saa kumi na moja. Nilimwambia kwamba babake yuko Ekalakala, pengine amelala, na hajui kwamba yeye amekuja.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikitazama kile kiti.

"Kwa hivyo ni tupu tena," akasema.

"Mama, maneno yalikuwa yake. Mimi niliongeza usiku peke yake."

"Lakini mimi nilikuja kwa sababu ya usiku. Nilijua ako hapa ananingoja. Nimeacha watoto wamelala na baba yao, nimeendesha nikilia kama mjinga." Akachukua funguo. "Sijui hata kama alimaanisha. Mnaeza kuwa mlimwambia aseme hiyo yote."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hata mimi ningekuwa yeye ningeuliza hivyo. Nikaanza kulia mbele yake, mtu mzima na gauni la kulalia. Akaniambia pole, fikirieni, yeye ndiye aliyeniambia mimi pole. Halafu akatoka. Akakaa garini kwa muda mrefu bila kuwasha. Mimi nimesimama mlangoni sina swali lililobaki.

Saa saba ilikuwa inakaribia alipowasha gari. Taa zake zikamulika lango, na langoni palikuwa na boda boda. Nyuma ya mwendeshaji alikuwa amekaa mtu mrefu, magoti yametokea pande zote mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi, kofia ya boda imemkaa kichwani upande upande.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mzee Nzioka hana televisheni. Usiku ule alikuwa amekaa dukani kwa jirani, sokoni Ekalakala, na watu wote wakaona Mzee Nzioka kwenye televisheni akisema yuko Machakos na hatoki. Wakamgeukia. Mwenye duka akamuuliza, "Mzee, si umesema uko studio? Hapa unafanya nini?" Na mzee akasema, "Kumbe ni usiku huu walikuwa wanasema." Akainuka, akatafuta boda.

Alishuka akichechemea. Alimwona binti yake ndani ya gari, nina hakika alimwona, lakini hakwenda kwake. Alinipita mlangoni bila salamu, akaingia studio, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mgeni, akakaa. Kofia ya boda bado iko kichwani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi ya njia, meno yanagongana. Nikang'oa blanketi la dirisha, misumari ikaruka, nikamfunika mabegani.

Syombua akaingia polepole, akasimama mbele yake.

"Nilitoka kidogo," mzee akasema.

Syombua akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Ulienda choo, nau?" Nau ni baba yangu.

Mzee akaniangalia mimi, hajui kesi ni gani. Nikatikisa kichwa kumwambia akubali.

"Eeh," akasema. "Choo."

"Choo gani hiyo ya masaa mawili?"

Mzee akafikiri. "Ya Ekalakala," akasema.

Syombua akacheka, kicheko kikamgeukia kuwa kilio, akapiga magoti pale chini akaanza kumfungua ile kofia, maana mkanda ulikuwa umemshinda mzee. Akiwa anahangaika nao chini ya kidevu chake, akasema kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Watoto ni wawili. Vijana. Wa kwanza amechukua jina ya babu ya upande wa baba yao. Wa pili ni Nzioka."

"Nzioka gani?"

"Nzioka wewe. Si ndivyo inafanywa?"

Mzee akamshika mikono, mkanda na yote. Nimewaona watu wengi wakikosa maneno kwenye kile kiti, na kazi yangu ilikuwa kuwasaidia. Usiku huo nilitoka nje, nikakaa na mwendeshaji wa boda, tukamaliza chai.

Alhamisi iliyofuata Maingi aliuliza kwa nini dirisha moja lina jua. Nikamwambia blanketi limekwenda Ekalakala, na kwamba mimi sitamwambia tena mgeni yeyote aseme usiku huu. Alinikasirikia kweli kweli. Akasema watazamaji watatuacha. Halafu kamera ikawaka, akalitazama lile jua miguuni pake, akasema, "Ndugu zangu, nyinyi mmelala, lakini huku kwetu ni saa nane mchana na mimi nimeiva." Jogoo akawika. Hakuna aliyetuacha. Maingi alivua koti siku hiyo, na tukagundua kwamba kumbe ana bega moja chini kuliko jingine.

Wale wasichana wa chuo nilipowasimulia haya, mmoja aliweka simu chini kwa mara ya kwanza. "Shosho, hiyo klipu ya mzee na msichana wake iko wapi? Hiyo tungeweka, ingetazamwa sana."

Kioko pia aliniuliza hivyo hivyo asubuhi baada ya usiku ule. Taa zote zilikuwa zimewaka, kamera inatazama kiti, na mimi nilijua kuiwasha vizuri kuliko wengi wenu. Sikuiwasha. Alinitukana kidogo, halafu akaniletea uji kwenye kikombe nusu.

Kwa hiyo klipu haipo, msiitafute. Mkitaka, nendeni Ekalakala mkamuulize mzee mwenyewe. Mtamkuta uani na kijana mmoja mkaidi wa jina lake, wamekalia blanketi langu. Muulizeni usiku ule alikuwa wapi, na atawaambia kwamba alikuwa studio wakati wote, ila alitoka kidogo.